Marudio ya Nyumbani

Mwangaluka, ninyi mlioko Shinyanga mjini, Kishapu, Mwadui na Kahama. Nanyi mlioko Geita, Katoro, Nyarugusu na Rwamagasa, ambao yamkini vumbi la makarasha limewaamsha hata katika siku hii ya Bwana, nawasalimu pia.

Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Baada ya kipindi hiki naomba muisome sura hiyo yote nyumbani, kwa sauti, watoto wakisikia, maana ni sura ya vyombo na vyakula. Inaanza na mjane aliyeachiwa deni. Mwenye kumdai yuko njiani kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, na nyumbani hamna kitu ila mafuta kidogo katika chupa. Nabii Elisha akamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena asiazime vichache. Yule mama akajifungia ndani pamoja na wanawe, akamimina, na mafuta hayakukoma mpaka vyombo vilipokoma.

Habari hii nimeihubiri tangu ujana wangu, na siku zote macho yangu yalikuwa kwenye mafuta. Ni katika miaka hii ya mvi ndipo nimevitazama vile vyombo. Vilikuwa vitupu. Vilikaa pembeni mwa nyumba za majirani, pengine vimejaa utando wa buibui, na hakuna aliyevihesabu kuwa mali. Watoto wawili walikombolewa kwa vitu ambavyo majirani hawakuwa na kazi navyo.

Lakini msiifunge Biblia hapo. Mbele kidogo, katika sura hiyohiyo, tuko Gilgali na kuna njaa. Mtu mmoja atoka kwenda kondeni kutafuta mboga, aona mtango wa porini, ajaza nguo yake matango, arudi na kuyakatakata chunguni. Hakuna aliyeyajua ni matango gani. Walipoanza kula wakapiga ukelele, maana walitambua kwamba katika chungu kile mna kifo.

Ndugu zangu, sura moja ina watu wawili waliokusanya. Wote wawili walikuwa maskini, na wote wawili walikuwa na nia njema. Mmoja aliokoa nyumba yake, na mwingine aliponea chupuchupu kuiua jamaa nzima ya manabii. Mjane alikijua kila chombo na jirani aliyemwazima. Yule wa pili alijaza tu nguo yake, hakuuliza. Juu ya tofauti hiyo ndipo nataka tutafakari leo, na jambo lenyewe ni takataka za nyumbani mwetu. Najua wapo watakaosema, mchungaji amekosa la kusema, takataka ni kazi ya bwana afya. Nawaomba wanivumilie.

Ninyi mliomo katika machimbo mnalo neno zuri kuliko yote niliyopata kuyasikia juu ya jambo hili: marudio. Kwa ajili ya wakulima na wafugaji wanaotusikiliza, nitaeleza. Jiwe lenye dhahabu husagwa katika karasha, unga wake ukapelekwa mwaloni kuoshwa. Mchenjuaji hukamata dhahabu kwa zebaki, na mchanga unaobaki huo ndio marudio. Mgeni akiuona lundo lake atadhani ni uchafu. Lakini mwenyeji anajua kwamba zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga ule. Kwa hiyo marudio hayatupwi. Yana mwenyewe, yana bei, yana ugomvi hata wa kufikishana baraza la kata. Hupakiwa katika magari na kupelekwa kwenye matangi ya kuchenjulia, yakalowekwa kwa sayanidi, na dhahabu iliyoyeyuka ikanaswa na mkaa wa namna ya pekee. Je, mwajua mkaa huo aghalabu hutengenezwa kwa nini? Kwa vifuu vya nazi! Kitu ambacho mama wa pwani hukitupa jikoni baada ya kukuna nazi ndicho kinachonasa dhahabu huku Usukumani. Kila nikilikumbuka jambo hilo hucheka peke yangu.

Basi swali langu ni hili. Mtu yuleyule anayelala juu ya lundo la mchanga kwa siku tatu akilinda marudio yake, kwa nini nyumbani kwake maganda ya viazi, majivu, makopo, chupa na mifupa vyote hutupwa katika shimo moja nyuma ya nyumba na kutiwa kiberiti? Huko mwaloni amejifunza kwamba kitu hakiishi thamani kwa kutumika mara moja. Mbona somo hilo haliingii naye nyumbani?

Wala si somo la kigeni. Wazee wetu wa Shinyanga hawakungoja kufundishwa. Debe la mafuta likiisha lilikuwa kipimo cha nafaka gulioni, likitoboka likakatwa kuwa karai, na mabaki yakaenda kwa fundi bati akatengeneza koroboi. Tairi lililokwisha kwenye lori liliendelea na safari miguuni mwa mchungaji wa ng'ombe. Makatambuga yaleyale ambayo hata leo mtu huvaa miaka mingi pasipo kuyashona. Pamba yetu nayo iangalieni: nyuzi zaenda kiwandani, mbegu zakamuliwa mafuta, mashudu yaliwa na ng'ombe, samadi ya ng'ombe yarudi shambani kwenye pamba. Pumba za mpunga huchomea matofali. Ni sisi, watoto wa wazee hao, tuliozoea kutupa, na nadhani sababu kubwa ni plastiki. Vitu vya wazee vilipotupwa vilioza au viliota kutu. Plastiki imekuja bila mazoea ya kuiishia.

Wafugaji hawana haja ya kuambiwa hili. Ni nani kati yenu ambaye hajaona ng'ombe akidhoofu huku tumbo limejaa, na alipochinjwa ikatolewa tumboni mafundo ya mifuko ya plastiki yaliyosokotana kama kamba? Ng'ombe hafahamu, ameisikia harufu ya chumvi au ya ugali ndani ya mfuko, akaumeza pamoja na mfuko wenyewe. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na jambo hilo lilikuwa jema, vikapu vikarudi sokoni. Hata hivyo chupa za maji na soda zingali nasi, madumu yangali nasi, na vifungashio vya kila namna.

Sasa tuseme namna ya kufanya, maana mahubiri yasiyofika jikoni ni upepo. Mama, weka vyombo vitatu nyuma ya nyumba; hata viroba vitatu vilivyotundikwa mtini vyatosha. Kimoja ni cha vitu vinavyooza, cha pili ni cha vitu vinavyoweza kutumika tena au kuuzwa. Cha tatu nitakieleza baadaye, na hicho ndicho kilichonifanya niandae mahubiri haya.

Vinavyooza vifanyie mboji. Chimba shimo la kina cha goti, kivulini, kwa sababu jua letu la Shinyanga hukausha kila kitu kabla hakijaoza. Tandika majani makavu au mabua, kisha maganda na mabaki ya mboga, kisha samadi kidogo, halafu udongo. Rudia tabaka hizo mpaka shimo lijae, ufunike kwa nyasi. Maji yaliyooshea mboga yamwagie humo. Lundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, lisitiririke maji. Kila baada ya wiki mbili ligeuze, la chini lije juu. Kwa miezi mitatu hivi utakuta udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua, na mchicha wako utakuambia uliobaki. Majivu tia kidogo tu, yakizidi huharibu.

Nikiongea habari ya kurudisha uhai katika udongo mkavu nawakumbusha jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mkoa huu ulikuwa umekatwa miti karibu yote, kwanza ili kuwafukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni. Watu wa mbali waliuita jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na pamoja na kupanda miche, jambo lililofanikiwa sana lilikuwa kurudia desturi ya wazee ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho isiingizwe mifugo kwa majira fulani. Chini ya ardhi iliyoonekana imekufa palikuwa na visiki na mizizi hai. Viliachwa tu, vikachipua. Leo ziko ngitili ambamo mzee huweza kumwonyesha mjukuu wake miti aliyodhani hatamwonyesha kamwe.

Turudi kwenye kile kiroba cha pili. Chuma na alumini vina wanunuzi hata vijijini, nanyi mwawajua kwa mizani zao. Kuyeyusha alumini kuukuu hutumia sehemu ndogo tu ya nishati inayohitajika kuitoa katika mawe yake, takribani sehemu 5 katika 100, kwa hiyo mnunuzi hakufanyii huruma, anafanya biashara. Lakini wazazi, angalieni: mtoto akileta kipande cha alama ya barabarani au boliti ya reli, msipokee hela yake. Nanyi mafundi mnaosubu sufuria, msichanganye humo vipande vya betri za magari wala vyuma msivyovijua. Risasi iliyoingia katika sufuria huingia katika maharage, na kutoka maharage huingia katika akili ya mtoto.

Chupa za plastiki zilizokuwa na maji ya kunywa hufaa kwa mbegu na kwa kukuzia miche. Kitu kimoja nakataza waziwazi: kuwashia mkaa kwa plastiki. Nimeingia majiko mengi asubuhi na kuona mama anayeyusha kipande cha ndoo juu ya mkaa ili moto ushike upesi, na mtoto yuko mgongoni. Moshi ule una sumu. Tumia maganda makavu ya mahindi au vibunzi. Haraka ya dakika tano hailingani na kifua cha mtoto.

Na sasa kiroba cha tatu. Hapa lazima nianze na ungamo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitumikia usharika ulio karibu na machimbo. Kanisa tulikuwa tumeliezeka bati, lakini hatukuwa na pipa la kukingia mvua. Kijana mmoja akatuletea mapipa mawili makubwa ya plastiki, mazuri, imara, kwa bei ambayo hata watoza sadaka walishangilia. Tuliyaosha kwa sabuni na mchanga. Tukayaweka chini ya mchirizi. Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni nikamshukuru Mungu kwa mapipa yale, na nilihubiri juu ya nini? Juu ya mjane na vyombo vitupu! Msimu mzima wa masika watoto wa shule ya Jumapili walikunywa humo.

Siku moja bibi mmoja, mjane, ambaye hajui kusoma hata jina lake, alifika kuchota maji. Akainama, akalizunguka pipa, akagusa kibandiko kilichobanduliwa nusu. Akaniuliza, "Baba mchungaji, hiki chombo kabla ya kuja kwako kilikuwa na nini?"

Nikamjibu, "Sijui, mayu."

Hakusema neno. Akajitwika ndoo yake tupu, akaenda zake. Mimi niliyesoma vyuo viwili nikainama baada yake, na katika ile nusu ya kibandiko nikaona nusu ya fuvu la kichwa. Tulimtafuta yule kijana, naye hakuficha: mapipa yalikuwa yamebeba kemikali ya kuchenjulia dhahabu. Tuliyamwaga na kuyatoboa siku ileile. Sikumwona mtoto aliyeanguka, lakini sumu nyingine hazina haraka, na jambo hilo nalibeba mpaka leo. Nilikuwa nimeihubiri nusu ya kwanza ya sura nikiwa nimesimama ndani ya nusu ya pili.

Kwa hiyo, wapendwa, swali la yule bibi lifanyeni sheria ya nyumba zenu. Plastiki hufyonza kilichomo ndani yake, na sabuni haiwezi kukiondoa. Chombo kilichobeba sayanidi, tindikali au dawa ya pamba kisirudi kamwe nyumbani, hata kwa mafuta ya taa, hata kwa maji ya kufulia, kwa maana leo ni ya kufulia na kesho mgeni atayanywa. Nanyi wenye mitambo ya kuchenjulia, mnapomwachia kibarua mapipa kama bakshishi ya sikukuu, mwajua mmempa nini mkewe?

Wakulima wa pamba, kopo la dawa likiisha, lisuuzeni mara tatu palepale shambani, na maji ya kila suuzo yatieni katika pampu, yanyunyizwe pamoja na dawa. Kisha litoboeni chini na ubavuni ili asiwepo mtu wa kulitamani. Msilichome, msilitupe mtoni wala karibu na kisima. Muulizeni afisa ugani wa kata mahali pa kulipeleka. Betri za tochi na redio nazo ziingie katika kiroba hiki cha tatu, zihifadhiwe mbali na watoto. Wapo wanaozitumbukiza chooni wakiamini zinapunguza kinyesi. Kinyesi hakipungui, ila sumu yake huanza safari ya polepole kuelekea kwenye maji ya chini ya ardhi.

Imebaki zebaki. Hapa naongea na wachimbaji wadogo kama ndugu, si kama askari. Nawajua baadhi yenu ambao, kwa kuogopa wezi, hamchomi kibonge chenu mwaloni. Mwakileta nyumbani, mnafunga mlango, mnakichoma juu ya jiko la ugali, ndani ya kikaango cha mama. Dhahabu yabaki iking'aa, na zebaki yaondoka isionekane. Imekwenda wapi? Imekwenda katika mapafu yenu, nyingine imeganda chini ya bati, kwenye neti ya kitanda, kwenye unga. Huharibu mishipa ya fahamu na figo. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, na kwa mama mjamzito humfuata mtoto tumboni. Ile inayoingia majini hugeuka kuwa namna iliyo mbaya zaidi, ikajikusanya katika samaki. Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na mwaka 1956 ugonjwa wa watu waliokula samaki wa ghuba ile ulitambuliwa rasmi. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki uliopitishwa mwaka 2013 umeitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu ni miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka yakome. Nasi hatukuwa mbali na habari hiyo: mapema miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki katika nchi sita ulifanya kazi yake ya Tanzania pale Rwamagasa.

Dawa ipo, nayo ni marudio vilevile. Ni chombo cha chuma chenye kifuniko kilichobana na bomba linalopozwa kwa maji. Kibonge huwekwa ndani, moto huwaka chini, na mvuke hupita katika bomba, ukapoa, ukarudi kuwa zebaki ndani ya maji, tayari kutumika tena. Fundi wa kuchomelea aliye hodari huweza kukiunda kwa vipande vya mabomba ya maji. Kifanyieni kazi nje, mbali na nyumba, na mtu asikifungue kingali moto. Zebaki mnainunua kwa fedha; kwa nini kuifanya moshi? Na kile kikaango, ndugu yangu, kilichokwisha kuchomewa kibonge hata mara moja, kisirudi jikoni. Mnunulie mama kingine kwa dhahabu hiyohiyo.

Kwa juma hili nawaomba kazi moja. Jioni moja, toeni vyombo vyote vya nyumba uani, madumu, ndoo, makopo na chupa, mkiwa pamoja na watoto, kama yule mjane alivyofanya kazi yake pamoja na wanawe. Shikeni kimoja kimoja na kuulizana kilikuwa na nini kabla ya kufika kwenu. Ambacho hakuna anayejua historia yake, kisitumike kwa kitu cha kuliwa au kunywewa.

Nawe unayeuza madumu gulioni, siku ya soko ijayo wateja watakuja wamesikia kipindi hiki, nao watakuuliza kila dumu limetoka wapi na lilikuwa na nini. Anza leo kuwauliza wanaokuletea.

Bwana awe nanyi. Amina.